Somo: Kukadiria kupanda na kushuka kwa biashara Arua na West Nile

Takwimu za pato la taifa hutoka zimechelewa, tena ni za nchi nzima. Mfanyabiashara wa Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, akizingoja, mzigo umeshamlalia stoo. Kanda yetu inaishi kwa mipaka miwili, Kongo na Sudan Kusini. Tujifunze kuisoma wenyewe.

Hatua ya 1. Chagua dalili tatu tu, uziandike kila wiki siku ileile: paundi ya Sudan Kusini inabadilishwaje, gunia la mahindi ni bei gani, na malori mangapi yanapakia kwenda mpakani. Daftari la kawaida linatosha.

Hatua ya 2. Ondoa msimu. Wengi huteleza hapa. Tuseme Aprili uliuza magunia 60 ya unga, Mei 68. Utasema biashara inapanda. Fungua daftari la mwaka jana: Mei uliuza 80. Kumbe umeshuka kwa asilimia 15! Yale magunia 8 yameletwa na njaa ya kabla ya mavuno. Akiba imeisha majumbani, watu wananunua. Februari nayo karo za shule hukausha mifuko kila mwaka. Mei ilinganishwe na Mei.

Hatua ya 3. Tenga dalili inayotangulia na inayofuata. Februari 2024, bomba linalopitisha mafuta ghafi ya Sudan Kusini kwenda Bahari ya Shamu lilipasuka ndani ya Sudan, katikati ya vita. Serikali ya Juba hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwenye mafuta. Dola zikaadimika, paundi ikaporomoka, na bidhaa za Uganda zikawa ghali kwa mnunuzi wa Juba. Aliyefuatilia paundi alipata onyo kabla mauzo ya duka hayajalegea.

Hatua ya 4. Ukikadiria mauzo ya mwezi ujao, usiandike namba moja. Andika cha chini na cha juu: "magunia 60 hadi 75". Mwezi ukiisha, jaza pembeni yaliyotokea kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi sina daftari la mwaka jana. Nianzie wapi?

Dada yangu, kusanya risiti za jumla na taarifa za pesa za simu, utapata picha. UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, pia hupima bei za Arua kila mwezi. Hizo zitakufaa kwa bei, mauzo yako uyajue mwenyewe.

Salaam alaykum mwalimu. Na mpaka ukifungwa ghafla?

Waalaykum salaam Hajji. Hilo, daftari haliwezi kulitabiri. Katuna, mpaka wa Rwanda, ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tena Januari 2022. Kwa hiyo piga hesabu ya pili: mpaka ukifungwa miezi mitatu, nitauza wapi, na mkopo nitaulipaje? Kama una wateja Gulu au Kampala, nunua mzigo wako wa kawaida. Kama huna, punguza.