Jinsi ya kumpiga picha kima punju wa msitu wa Jozani, Zanzibar

Ukitaka picha itakayomtetea kima punju, usianze na uso. Anza na mkono. Mnyama huyu, asiyepatikana porini popote duniani ila Zanzibar, hana kidole gumba. Subiri ashike tawi kwa vidole vinne, ndipo ubonyeze.

Nenda asubuhi, jua likiwa pole. Chini ya miti kuna kiza, kwa hiyo fungua tundu la lenzi hadi mwisho, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, maana hatulii. Flashi zima. Simama mbali, wala usimpe chakula hata akikusogelea. Akizoea watu hushuka barabarani, na magari yamewaua wengi. Nilimkuta mmoja kando ya lami, mwili bado una joto. Nililia, kisha nikapiga. Picha ile niliwaonyesha madereva wa daladala wa kijijini kwetu, mmoja mmoja, kwenye simu, tukazungumzia mwendo.

Mvizie pia akitafuna makaa: humsaidia kuhimili kemikali kali za majani ya mwembe na mkungu. Na maelezo ya picha yaandike kwa Kiswahili, wenyeji wa msitu wayasome kwanza.