Namna ya Kuanza Kubuni Chanjo ya Malaria Ukiwa Mwanza

Mtafiti kijana wa Mwanza anayekusudia kubuni chanjo ya malaria aanze kwa kuchagua hatua ya maisha ya kimelea atakayoilenga, kwa kuwa Plasmodium falciparum hubadilika umbo kila kinapohama, kutoka tezi za mate za mbu hadi ini, kisha hadi chembe nyekundu za damu, na kingamwili zinazokitambua katika hatua moja huweza kutokitambua kabisa katika inayofuata. Binafsi ningeanzia kabla ya ini, ambapo sporozoiti, yaani umbo la kimelea linaloingizwa mwilini na mbu, bado ni chache na homa haijaanza. Hapo ndipo zinapolenga chanjo za RTS,S na R21, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023: zote hutumia sehemu ya protini inayofunika sporozoiti, iliyounganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini B, pamoja na kiungo cha kuamsha kinga.

Baada ya majaribio ya wanyama na kibali cha maadili, pima usalama kwa watu wazima wachache, ndipo uwafikie watoto. Hapa haraka haina baraka. Jaribio kubwa lifanyike mwambaoni mwa Ziwa Victoria, kwenye maambukizi mengi, na lidumu miaka kadhaa, kwani kinga ya RTS,S ilionekana kupungua kadiri muda ulivyopita. Washiriki wote wapewe vyandarua. Panga mapema pia jinsi dozi zitakavyofika kisiwani Ukerewe zikiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi.