Majivu na mbolea mbichi ya kuku visikutane tutani

Wakulima wa bustani, kosa hili nimelisema mpaka sauti imekauka, sasa naliandika. Mtu anazoa mbolea ya kuku bandani asubuhi, bado ina uvuguvugu, anaimwaga kwenye tuta la mchicha, kisha anamwagia ndoo ya majivu ya jikoni juu yake "ili iive haraka". Jioni nyungunyungu wamelala juu ya udongo, wamelegea. Kesho yake siafu wana karamu.

Ile harufu inayokuchoma macho ndiyo hasara yako. Majivu hufanya kazi kama chokaa: yakigusa mbolea mbichi yenye unyevu, naitrojeni inageuka gesi ya amonia. Nyingine inapaa hewani, na hiyo ndiyo mbolea uliyoitegemea. Nyingine inabaki udongoni, na nyungunyungu anapumua kwa ngozi yake yenye ute, hana namna ya kuikwepa.

Na msiniambie bibi alikuwa anaweka majivu. Bibi aliweka konzi moja kwenye shina la mgomba, hakumwaga ndoo tutani.

Vipimo sasa, na sitaki kukadiria kwa macho. Kwa kila ndoo 1 ya mbolea ya kuku weka ndoo 3 za majani makavu. Kama kuku wanalalia maranda, 2 zinatosha. Rundo lifike kimo cha mita 1 au zaidi kidogo, chini ya kivuli. Nyunyizia maji mpaka ukikamua konzi yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Geuza kila baada ya siku 7. Katikati ya rundo joto hufika nyuzi 55 hadi 65, na nyungunyungu hafiki 40 akiwa hai, kwa hiyo subiri wiki 8. Nimesema 8! Wiki ya 3 rundo huwa jeusi juu na kudanganya watu. Chomeka nondo mpaka katikati, iache dakika 10, ichomoe uishike: ikiwa na joto, bado.

Ikiiva, tuta la mita 1 kwa 10 linatoshwa na kilo 10.

Majivu yawe ya kuni tupu, si ya moto uliochomewa plastiki. Tuta hilohilo lipate gramu 700, mara 1 kwa mwaka, tena pale tu udongo ulipopimwa ukaonekana una tindikali. Yachanganye na udongo wiki 4 kabla ya mbolea. Hujapima? Usiweke hata kijiko.

(Wanaopiga mrututu, ile dawa ya ukungu yenye shaba, kwenye nyanya kila wiki, zamu yenu inakuja. Shaba haiozi, inalundikana udongoni mwaka hadi mwaka, na nyungunyungu haipendi.)

Miezi 2 baada ya kuweka mbolea iliyoiva, chimba tuta sentimita 20. Ukikuta vijitundu na vinyesi vya nyungunyungu vya punje punje, mambo yamekaa sawa.