Kutalii Guangzhou baada ya kufunga mzigo

Wengi ninaowasindikiza Guangzhou, China, hurudi nyumbani wakiujua mtaa wa Xiaobei na masoko ya jumla tu. Ukibakiwa na siku mbili, mji unaonekana vizuri, mradi ujue uende wapi saa ngapi.

Hatua ya 1: Tarehe. Epuka Oktoba 1 hadi 7. Ni likizo ya taifa, China nzima iko njiani. Maonyesho ya biashara ya Canton, katikati ya Aprili na ya Oktoba, nayo hupandisha bei za vyumba.

Hatua ya 2: Simu, ukiwa bado nyumbani. Pakua Alipay, programu ya kulipia kwa simu, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, jithibitishe kwa pasipoti. Ukisubiri ufike, ujumbe wa benki wenye namba ya siri huenda usiingie, na wauzaji wengi hawana chenji. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule. Laini ya nyumbani inayotumika ughaibuni huzifungua, ila ulizia gharama kwanza. Piga picha jina la hoteli kwa Kichina, umwoneshe dereva wa teksi.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, metro laini 1. Shuka Chen Clan Academy asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Jumba hili la ukoo wa Chen lilikamilika 1894, na utamu wake uko juu: mapaa yamejaa sanamu za kauri. Vituo viwili mbele ni Huangsha. Vuka kwa miguu hadi Shamian, kisiwa walichojenga Waingereza na Wafaransa. Kuna kivuli, kaa hapo mchana.

Hatua ya 4: Siku ya pili, laini 2. Yuexiu Park ina sanamu ya kondoo watano. Karibu na hapo kuna msikiti wa Xianxian, penye kaburi linalonasibishwa na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume Muhammad. Ijumaa wahi, hujaa hadi nje.

Hatua ya 5: Jioni, mnara wa Canton. Una mita 600. Binafsi sioni haja ya kulipia kupanda. Uangalie taa zikiwaka ukiwa ng'ambo ya mto. Laini 3 inafika mnarani, lakini saa za watu kutoka kazini hushonana kama dagaa. Nenda hadi uwanja wa Huacheng, upande treni ndogo ya APM.