Sumaku ya friji kabla ya kununua MGB

Ukienda kukagua MGB, gari dogo la michezo la Uingereza (1962–1980), beba sumaku nyepesi ya friji, ifunge kitambaa laini isikwaruze rangi. Ipitishe taratibu chini ya milango, kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi tairi la nyuma. Penye bati itanasa. Penye puti nene, ile lipu ya kuficha kutu na mashimo, itateleza na kudondoka. Sumaku kali ya spika haifai, hunasa hata juu ya puti. Gari hili halina chesisi (fremu ya chini) ya peke yake, sehemu hiyo ndiyo inayobeba bodi, kwa hiyo puti hapo ni gharama ya kuchomelea, si ya rangi. Tazama pia ukingo wa nyuma wa mlango: uwazi ukibanana juu na kupanuka chini, bodi imeshalegea katikati. Boneti za mwanzoni ni alumini, sumaku hainasi, zisikutishe.

Sumaku hudanganywa na bati jipya lililochomelewa juu ya kutu. Hapo ingia uvunguni na bisibisi, dunga. Na kwa Land Rover Series, zile za zamani, usijisumbue na sumaku: bodi karibu yote ni alumini. Gonga chesisi yake ya chuma kwa nyundo ndogo, hasa nyuma kabisa. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa.