Mdakaji akimsukuma beki: namna ya kupima adhabu yake

Kila tukikaa kutazama futiboli ya Marekani hapa Columbus, Ohio, kuna kijana wa nyumbani atakayeuliza: mbona beki akimzuia mdakaji kudaka pasi timu yake inanyang'anywa uwanja mzima, na mdakaji akimsukuma beki anaambiwa arudi nyuma kidogo ajaribu tena? Huniuliza mimi kwa sababu msimu wa vuli, Ijumaa jioni, nashika kile kijiti chenye namba ya dauni pembeni mwa uwanja wa sekondari ya mtaani kwetu. Wanadhani nakaa na sheria mfukoni. Sheria sina, ila nina njia ya kuipima adhabu hii, na kila nikiipima naiona imepungua.

Kwa mgeni wa mchezo: timu yenye mpira ina nafasi nne za kuusogeza yadi 10. Kila nafasi ni dauni. Ikizifikisha, inaanza kuhesabiwa upya. Isipofikisha, mpira ni wa wenzao. Ndiyo maana ikifika dauni ya nne wengi huupiga mpira kwa mguu uende mbali.

Sasa, kabla ya kuhesabu, hakikisha kosa ni kosa. Pasi ikiwa hewani usiufuate mpira kwa macho, utazame mikono ya mdakaji. Kushikana-shikana wakiwa wanakimbia si kitu, wote wawili hufanya hivyo. Unachotafuta ni kiwiko kilichokuwa kimekunjwa kisha kikanyooka, na beki akaachwa hatua moja au mbili nyuma pale pale. Mkono ukinyooka na nafasi isipatikane, refa mzuri huacha mchezo uendelee. Aina ya pili ni ya ujanja zaidi: mdakaji mmoja hautaki mpira kabisa, anakimbia kumziba beki ili mwenzake apite nyuma yake akiwa huru. Katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, hilo ni kosa likitokea zaidi ya yadi moja mbele ya mstari wa kuanzia. Kumbuka pia kwamba mshambuliaji amefungwa na sheria hii tangu mpira unapoanzishwa, ilhali beki hufungwa pasi ikishaondoka mkononi mwa kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi.

Ukishaliona kosa, chukua karatasi. Andika dauni na yadi zinazohitajika, tuseme dauni ya tatu na yadi 10. Kisha jiulize swali moja tu: asingesukuma, kingetokea nini? Mara nyingi jibu ni kwamba pasi ingeanguka chini. Pasi ikianguka, dauni imekwenda na mpira unabaki ulipokuwa. Andika: dauni ya nne na yadi 10.

Halafu andika alichopata baada ya kusukuma, akadaka, na refa akarusha kibendera cha njano. NFL inamrudisha yadi 10 kutoka pale mchezo ulipoanzia na dauni inarudiwa. Yaani dauni ya tatu na yadi 20.

Tazama mistari hiyo miwili. Aliyecheza kwa haki na kukosa amebakiwa na dauni ya nne, anapiga mpira kwa mguu, anakwenda kukaa. Aliyesukuma na kukamatwa bado ana nafasi ya kurusha pasi nyingine kabla ya hiyo ya mguu. Na asipoonwa, ameondoka na pasi nzima. Ni kama abiria wa matatu asiyelipa nauli, ambaye akishikwa anadaiwa nauli ile ile tu: kwa nini alipe siku yoyote?

Wenye kutetea husema timu ya beki inaweza kuikataa adhabu. Kweli, lakini hilo husaidia pasi ikianguka. Ikidakwa, ukiikataa adhabu umeikubali pasi. Na pasi iliyodakwa ndiyo inayotuuma.

Kwa hiyo kwa kusukuma mimi ningeandika: yadi 10, na dauni inapotea. Mfano wetu unakuwa dauni ya nne na yadi 20. Si jambo geni. Kwotabeki wa NFL akiutupa mpira ovyo kukwepa kuangushwa, anapoteza yadi na dauni vilevile; akirusha pasi akiwa ameshavuka mstari, yadi tano na dauni. Kwenye sekondari, mdakaji aliyeingilia pasi alikuwa anapoteza yadi 15 na dauni, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2013 zikabaki yadi 15 peke yake. Siku hizi kibendera kikianguka kwa kosa hili narudi nyuma na kijiti changu, namba iliyo juu yake haiguswi. Kocha wa upande wa pili hunitazama mimi kana kwamba nimeitunga mimi.

Yadi zina ubovu mwingine: karibu na lango lako zinayeyuka. Adhabu haivuki nusu ya masafa yaliyobaki hadi mstari wako wa lango, kwa hiyo ukianzia yadi ya 6 unarudishwa yadi tatu tu. Dauni haina nusu.

Kwa kosa la kuziba njia ningebaki na sheria ilivyo, dauni irudiwe. Najua utasema pasi iliyopatikana ni ile ile. Lakini hapo refa anakisia nia: huyu kijana alikuwa anakimbia njia yake wakagongana, au alikwenda kugonga? Adhabu nzito isisimame juu ya kukisia. Na nyepesi nayo inatosha kuuma. Oktoba 2014, kwenye mechi ya vyuo vikuu, Notre Dame walikuwa uwanjani kwa Florida State, dauni ya nne, sekunde chache zimebaki, wakafunga. Kibendera kikaanguka kwa kuziba njia, wakarudishwa yadi 15 za vyuo vikuu, dauni ikarudiwa, pasi iliyofuata ikadakwa na mpinzani. Florida State 31, Notre Dame 27.

Wapo wanaotaka mdakaji aadhibiwe kwa masafa kama beki, ambaye katika NFL timu yake hupoteza uwanja wote hadi pale alipokosea, na kosa likiwa ndani ya eneo la kufungia mpira unawekwa yadi ya 1. Siafiki. Beki amezuia pasi ambayo mahali pake tunapaona, kwa hiyo tunawapa. Pasi iliyorefushwa yadi 40 na mdakaji msukumaji, utamrudisha 40 kwenda wapi?

Mwisho pima mchezo wa mwisho wa mechi, ambako yadi na dauni zote hazina maana. Saa ikiisha kwa kosa la washambuliaji, bao linafutwa na mechi imekwisha. Septemba 24, 2012, Seattle na Green Bay, marefa wa NFL wamefungiwa nje kwa mgogoro wa mkataba na wa kuazima ndio wanaochezesha. Golden Tate, mdakaji wa Seattle, alimsukuma Sam Shields, beki wa Green Bay, kwa mikono miwili waziwazi, akaruka, akapewa bao. Seattle 14, Green Bay 12. Kesho yake NFL ilikiri kwamba kibendera kilipaswa kurushwa, na kwamba kingerushwa mechi ingeishia hapo. Matokeo yakabaki.

Hapo hakuna adhabu ya kurekebisha, kunatakiwa macho. NFL ilijaribu mwaka 2019 kuruhusu makosa haya yatazamwe upya kwenye video, yaliyopulizwa na yasiyopulizwa, na msimu mmoja ulitosha kuwachosha wakaiacha. Mimi ningemweka refa mmoja mwenye kazi ya kutazama viwiko tu, mpira aachiwe mwenzake.