Jinsi ya kulinganisha hali ya uchumi ya Waafghani na Waaleut wa Marekani bila namba kukupiga chenga

Mi kazi yangu ni data, nasafisha majedwali ya watu na kuwaandikia ripoti, na siku moja mteja akaniletea kazi nikaona ni ya nusu saa tu: linganisha Waafghani na Waaleut wanaoishi Marekani, nani ana hali nzuri kiuchumi. Nikatoa kipato cha kaya cha huyu, nikatoa cha yule, nikafanya kutoa, nikatuma. Ikarudishwa na swali moja tu, "hii tofauti ni ya kweli au ni bahati ya sampuli?" Sikuwa na jibu. Hapa naandika ile njia ambayo ningeifuata tangu mwanzo, fungua laptop twende pamoja.

Hatua ya 1: Jua unamlinganisha nani na nani

Usiruke hii hata kama unaona unawajua. Waaleut ni wenyeji wa visiwa vya Aleutian na Pribilof huko Alaska, wenyewe wanajiita Unangax̂ au Unangan, jina la Aleut waliletewa na Warusi waliofika kufuata manyoya baada ya safari ya baharia Bering ya 1741. Sasa shida inaanzia hapo hapo, kwa sababu Warusi walilibandika jina hilo hilo kwa watu wa Kodiak ambao ni Sugpiaq au Alutiiq, lugha yao ni nyingine kabisa, na mpaka leo wako wazee wa upande huo wanaojaza "Aleut" kwenye fomu. Kwa hiyo ukiona "Aleut" kwenye jedwali jua ni neno mtu alilojiandikia mwenyewe, sio mpaka wa kisiwa.

Waafghani nao wana mafungu. Wapo walioanza kuingia baada ya Wasoviet kuvamia mwisho wa 1979, wengi wakajazana Fremont, California, hadi mtaa ukaitwa Little Kabul. Wapo wakalimani na wafanyakazi wa jeshi la Marekani waliokuja kwa viza maalum, ile ya SIV, hawa utawakuta sana Sacramento, Virginia ya kaskazini na Texas. Alafu wapo zaidi ya 76,000 waliotolewa Kabul 2021, wengi kwa kibali cha muda tu. Mtu ana miaka 40 nchini na nyumba kashamaliza kuilipa, mwingine ana miezi sita na bado anatafuta godoro, wote jedwali linawaita Afghan.

Na kuna hili watu hawalioni: Idara ya Sensa inamhesabu Mwafghani kupitia swali la asili, "ancestry" wanaita, wakati Mwaaleut anapatikana kwenye swali la rangi na kabila. Ni maswali mawili tofauti kwenye fomu. Ukichagua Waaleut utaulizwa unataka wale wa Aleut peke yake au pamoja na waliochanganya, mi nachukua waliochanganya, maana ndoa za mchanganyiko Alaska ni za miaka mia mbili na ukiwatoa hao unabaki na kijikundi kidogo mno. Chochote utakachochagua, kiandike juu ya jedwali lako kabla hujasahau.

Hatua ya 2: Chukua jedwali lenye wote wawili

Ingia data.census.gov, bure, hakuna kujisajili. Unachotaka ni American Community Survey, ACS kwa kifupi, dodoso linalokwenda kwenye anwani kama milioni 3.5 kila mwaka. Matoleo ya mwaka mmoja mmoja sahau, Waaleut ni wachache sana, hawatokei. Tafuta majedwali maalum ya miaka mitano ya 2017 hadi 2021: Afghan yuko kwenye Selected Population Tables, Aleut yuko kwenye American Indian and Alaska Native Tables. Kipindi ni kimoja, dodoso ni moja, hapo angalau mizani iko sawa.

Vuta jedwali B19013 kwa kipato cha kaya cha katikati (median, nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini), B17001 ya umaskini, B25003 ya nani anamiliki nyumba na nani kapanga, B27001 ya bima ya afya, na ukubwa wa kaya. Zinatosha. Mtu akipakua majedwali arobaini anaishia kuandika yale aliyoyaona ya kwanza.

Angalia tarehe sasa. Hao 76,000 walianza kuingia Agosti 2021 na wengi walikaa kwenye kambi za jeshi, wa mwisho wametoka Februari 2022. Kwa hiyo hilo jedwali la 2017–2021 karibu haliwajui. Usije ukaandika "hali ya Waafghani leo" kwa namba ambazo zimefungwa kabla ya wimbi kubwa kufika mtaani.

Hatua ya 3: Usitumie mji badala ya watu

Hii nimeiona kwa watu wengi. Mtu hapati namba ya Waaleut anaamua "basi nachukua Unalaska, si ndio kwao". Unalaska ndipo ilipo bandari ya Dutch Harbor, ya kwanza Marekani nzima kwa uzito wa samaki wanaoshushwa, zaidi ya miaka 25 mfululizo, na viwanda vyake vinajaa wafanyakazi kutoka nje, Wafilipino wengi. Waaleut wenyewe ni sehemu ndogo ya mji, huku Waaleut wengi tu wanaishi Anchorage au jimbo la Washington. Fremont ni vilevile, ina matajiri wa teknolojia wenye asili ya India na China, ukichukua kipato cha Fremont ukakiita cha Waafghani umemvalisha mpangaji koti la mwenye nyumba.

Hatua ya 4: Kifungue kipato uone ndani kuna nini

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nayo.

Kwanza kaya. Sisi tumezoea kaya ni wanaokula chungu kimoja, kule kaya ni wote wanaoishi kwenye nyumba au fleti hiyo hata kama kila mtu ana sufuria yake. Familia za Kiafghani mara nyingi ni kubwa, babu, wana wawili wanaofanya kazi, wake zao, watoto. Tuseme, na hizi ni namba za kujifunzia tu, kaya ya watu 6 inaingiza dola 72,000 na kaya ya watu 3 inaingiza 60,000. Ya kwanza inaonekana juu. Gawa kwa vichwa: 12,000 dhidi ya 20,000. Lakini kugawa kwa vichwa nako kunaonea kaya kubwa, maana jokofu moja linahudumia wote, kwa hiyo wataalamu wengi wanagawa kwa kipeuo cha pili, yaani mzizi, wa idadi ya watu. 72,000 gawa kwa mzizi wa 6 ni kama 29,400, na 60,000 gawa kwa mzizi wa 3 ni kama 34,600. Bado mpangilio umegeuka ila pengo limepungua, na hiyo ndio picha ya haki zaidi.

Pili, hela ambazo ACS haizioni. Dodoso linauliza kipato cha wenye miaka 15 kwenda juu tu. Alaska kila mkaazi anayestahili, hata mtoto mchanga, anapata gawio la mfuko wa mafuta wa jimbo, gawio hilo lilianza kulipwa 1982, na mwaka 2022 lilikuwa dola 3,284 kwa kichwa. Nyumba yenye watoto wanne hiyo ni dola 13,136 ambazo zimeingia na kwenye fomu hazina mahali pake kama mzazi hakuzitaja kwenye kipato chake. Si kila mwaka ni nono hivyo, 2023 ilikuwa 1,312.

Tatu, hisa. Sheria ya 1971 ya kumaliza madai ya ardhi, ANCSA, iliwapa wenyeji wa Alaska ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, lakini mali ikawekwa kwenye makampuni, na The Aleut Corporation ni mojawapo. Aliyezaliwa kabla au ndani ya tarehe 18 Desemba 1971 aliandikishiwa hisa 100, aliyezaliwa baada ya hapo kwa sheria ya mwanzo hakupata kitu mpaka arithi au apewe. Ndani ya nyumba moja mama ana gawio, binti hana. Kipato cha katikati hakikuonyeshi mpasuko huo hata ukikitazama kutwa.

Nne, friza. Salmoni, halibut, nyama ya sili (mnyama wa baharini), matunda ya porini, ACS haihesabu chakula ulichovua mwenyewe kama kipato. Huko vijijini duka ni moja na kila kitu kimekuja kwa ndege au meli, kwa hiyo samaki aliyeko kwenye friza ana thamani kuliko tunavyofikiri tukiwa sokoni Feri.

Na kwa Waafghani geuza kinyume, kuna hela ambazo ACS inazihesabu kumbe zimeshaondoka. Mtu analipwa dola 3,000, mia nne zinakwenda Kabul au Herat kwa hawala, kwenye dodoso bado ni 3,000. Hili Mswahili yeyote aliyeko Ughaibuni analielewa bila kufafanuliwa. Alafu dodoso linauliza miezi 12 iliyopita, aliyefika miezi mitano iliyopita mwaka wake una miezi saba ya Kabul ndani.

Hatua ya 5: Umaskini na bima, mitego miwili mikali

Mstari wa umaskini wa Idara ya Sensa ni mmoja nchi nzima, Alaska na Texas sawa. Lakini wizara ya afya ya huko huko, inapoamua nani apate msaada, inatumia viwango tofauti: mwaka 2024 familia ya watu wanne ilikuwa dola 31,200 kwenye majimbo 48 na dola 39,000 Alaska. Yaani serikali yenyewe inakiri Alaska ni ghali kwa robo nzima. Kwa hiyo asilimia ya umaskini ya Waaleut kwenye B17001 isome ukijua walioko Alaska wamepimwa kwa mstari mfupi. Mi huwa naongeza safu nyingine, B17002, inayoonyesha walio chini ya mara 1.25 ya mstari, ndio inakaribia hali halisi ya huko.

Bima sasa. Mwaaleut anayetibiwa bure kwenye hospitali ya wenyeji chini ya Indian Health Service, kama hana kadi nyingine, ACS inamwandika hana bima. Ni kanuni yao. Ukiona Waaleut wasio na bima ni wengi usikimbilie kuandika wametelekezwa, na wala usikimbilie kuandika wako salama, maana mpasuaji yuko Anchorage na kijiji kiko mbali kwa ndege.

Hatua ya 6: Plasi-mainasi

Kila namba ya ACS ina mwenzake pembeni mwenye alama ±. Hiyo ndio nilipopigwa chenga. Inamaanisha kwa uhakika wa asilimia 90 namba ya kweli iko ndani ya huo upana. Kwa vikundi vidogo kama hivi upana ni mkubwa.

Mfano wa kujifunzia tena: kundi A 68,000 ± 5,200, kundi B 74,500 ± 7,900. Tofauti ni 6,500. Kwenye Excel andika =SQRT(5200^2+7900^2), inakupa kama 9,458. Tofauti yako ni ndogo kuliko hiyo? Basi huna tofauti ya kutangaza. Imeisha, hata kama mteja anataka mshindi. Wakitaka kosa sanifu (standard error) lenyewe gawa ile ± kwa 1.645, ila kwa swali la ndio au hapana hiyo njia ya mkato inatosha.

Na ukitaka kushuka chini zaidi, mfano Waaleut waliopanga nyumba Anchorage dhidi ya Waafghani waliopanga Sacramento, utakuta ± inakaribia namba yenyewe. Acha tu, panda juu ngazi ya taifa.

Hatua ya 7: Umiliki wa nyumba usomwe na historia pembeni

B25003 itakushawishi uandike kwamba hawa wanajua kuwekeza na hawa hawajui. Subiri. Juni 1942 Wajapani walipiga Dutch Harbor wakachukua visiwa vya Attu na Kiska, serikali ya Marekani ikawahamisha Waunangan 881 kwenda kwenye viwanda chakavu vya samaki kusini mashariki ya Alaska, kama mmoja kati ya kumi akafa, na waliorudi walikuta nyumba zimevunjwa na kuporwa, tena mara nyingi na wanajeshi wa upande wao. Fidia, dola 12,000 kwa aliye hai, ilipitishwa 1988, miaka 46 baadaye. Pribilof nako watu waliishi kwa kuvuna sili chini ya serikali, na kazi hiyo ya kibiashara ilipokoma kisiwa cha St. Paul 1984, mshahara wa kijiji ulikoma nayo. Mwafghani wa 2021 naye ametoka na begi moja, hati ya nyumba ya Kabul haimsaidii kwenye mkopo wa benki.

Hatua ya 8: Andika sentensi ambayo namba zinaibeba

Ile ripoti yangu ya pili ilikuwa na aya tatu. Nilitaja kipindi, nikataja maswali mawili tofauti ya fomu, nikaweka kipato cha kaya pamoja na ±, pembeni kipato kilichorekebishwa kwa ukubwa wa kaya, chini nikaorodhesha ambavyo havimo: gawio la watoto, samaki, hawala, matibabu ya bure. Mteja aliuliza kwa nini hakuna jedwali la nani wa kwanza nani wa pili. Nikamtumia ile fomula ya SQRT akajaribu mwenyewe, hakuuliza tena, na hela ikaingia jioni ile ile.